Namna ya Kupanga Zamu za Umeme kwa Nyumba Zinazotegemea Transfoma Moja

Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, uliingizwa kwenye gridi ya Taifa Februari 2024, na leo mitambo yote tisa, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 235, imekwisha kufungwa. Hizo ni megawati 2,115, na wengi wetu tuliamini kwamba giza la jioni limebaki kuwa hadithi. Hata hivyo katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, hasa miezi ya joto kuanzia Desemba hadi Machi, ikifika saa 2 usiku taa hufifia, feni huzunguka kwa uvivu, na mara husikika mlio mkali kutoka kwenye nguzo, kisha upande mmoja wa mtaa huwa giza huku upande wa pili taa zikiendelea kuwaka. Watu hutoka nje wakilalamika kwamba mgao umerudi, kumbe si mgao. Umeme upo kwenye gridi, ila mlango wa kuuingiza mtaani, yaani transfoma, ni uleule uliofungwa wakati mtaa una nusu ya nyumba zilizopo sasa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya majirani wanaoishi chini ya transfoma moja na ambao wamechoka kukaa gizani saa ambazo watoto wanatakiwa kusoma. Mimi ni mmoja wao. Friji ya nyumbani kwangu iliungua kompresa kwa sababu ya umeme mdogo wa jioni, na ndipo nilipoanza kufuatilia jambo hili kwa makini badala ya kusubiri mafundi wa dharura kila wiki. Hatua zinazoelezwa hapa hazihitaji kugusa nguzo, waya wala mita. Zinahitaji saa, daftari, na majirani walio tayari kusikilizana.

Transfoma inaumizwa na nini

Transfoma haiumizwi na jumla ya yuniti ambazo mtaa hununua kwa mwezi. Inaumizwa na kilowati zinazokutana ndani ya dakika moja. Nyumba mbili zinaweza kununua yuniti 90 kila moja, ya kwanza ikazitumia polepole usiku na mchana kwa friji na taa, ya pili ikazitumia karibu zote kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku kwa hita ya kuogea, jiko na pasi. Kwenye hesabu za Luku hao ni wateja sawa, lakini kwa transfoma yule wa pili ni mzigo mara kadhaa kuliko mwenzake, tena mzigo unaokuja saa ambayo kila mtu amekuja na wake.

Chukua mfano wa transfoma ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha uwezo wa transfoma, na kwa hesabu yetu hii ichukue kama kilowati), ambayo ni ya kawaida mitaani, ikihudumia nyumba 60. Saa 2 usiku kila nyumba imewasha taa, televisheni, feni na friji, tuseme wati 300 kwa wastani. Hizo ni kilowati 18 kwa mtaa mzima na hazina madhara yoyote. Sasa ongeza nyumba 30 zinazopiga pasi kwa wakati mmoja, kila pasi ikila kilowati 1. Ongeza nyumba 8 ambamo mtu anaoga kwa hita ya kwenye bomba ya wati 3,500, ambazo peke yake ni kilowati 28. Ongeza pampu za maji 15 zinazopandisha maji kwenye simtanki, kilowati 15, na viyoyozi 12 vya wati 1,100 kila kimoja, kilowati 13. Jumla yake ni kilowati 104, na transfoma imekwisha kupita kiwango chake kabla hujahesabu mama lishe aliyewasha jiko la umeme wala kijana wa saluni mwenye mashine ya kukaushia nywele. Katika hesabu hiyohiyo, pampu zikihamishiwa asubuhi na pasi zikigawanywa katika makundi matatu yanayopokezana, kilowati 35 zinaondoka na kubaki 69. Hakuna aliyekosa kuoga, hakuna aliyelala kwenye joto, na hakuna mtoto aliyekwenda shule na sare iliyokunjamana.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi kwa wenzetu waliolipima kitaifa. Julai 4, 1990, nusu fainali ya Kombe la Dunia kati ya England na Ujerumani Magharibi ilipomalizika kwa mikwaju ya penalti, Waingereza waliokuwa mbele ya televisheni waliinuka kwa pamoja kuchemsha maji ya chai, na matumizi ya umeme yakaruka kwa takriban megawati 2,800 kwa ghafla. Hicho ni kiasi kinachozidi uwezo wote wa bwawa letu la Rufiji, na kilitokana zaidi na mabirika ya chai, ambayo kila moja peke yake si kitu. Sisi kukutana kwetu ni kwa Jumapili usiku, pale kila nyumba yenye mwanafunzi inapokumbuka sare ya kesho, na kwa jioni za Ramadhani, saa moja kabla ya adhana ya Magharibi.

Transfoma iliyozidiwa haifi siku hiyohiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa ndani ya nyaya zake huongezeka mara nne, na karatasi inayohami nyaya hizo ndani ya mafuta huzeeka kwa kasi maradufu kwa kila nyongeza ya joto ya nyuzi 6 hadi 10. Jioni moja ya kuzidiwa hula siku nyingi za maisha ya transfoma bila mtu kuona. Siku inapolipuka, lawama humwangukia aliyewasha kitu cha mwisho, ilhali imekuwa ikipikwa kwa miaka.

Jambo moja zaidi lazima lieleweke kabla ya kupanga chochote. Transfoma ya mtaani hutoa fezi tatu, yaani njia tatu za umeme zinazojitegemea, kila moja na fyuzi yake, na nyumba nyingi zimeunganishwa kwenye fezi moja tu kati ya hizo. Kwa transfoma ya kVA 100, kila fezi hubeba takriban theluthi, yaani kVA 33 au ampea 145 hivi. Kwa bahati mbaya wateja hawagawanyiki sawasawa: fundi alimwunganisha kila mteja mpya pale ilipokuwa rahisi kufikia, na baada ya miaka kadhaa unakuta fezi moja ina nusu ya mtaa. Fyuzi ya fezi hiyo hukatika wakati transfoma kwa ujumla wake bado ina nafasi. Kwa sababu hiyo zamu zinazopangwa kwa kufuata herufi za majina au mpangilio wa nyumba barabarani zinaweza zisisaidie lolote, kwa kuwa kundi zima linaloruhusiwa kupiga pasi saa 1 usiku linaweza kuwa kwenye fezi moja iliyozidiwa.

Habari njema ni kwamba ramani ya fezi za mtaa wenu mnaweza kuichora bila kugusa waya. Siku fezi moja itakapokatika, pita mtaani au uliza kwenye kundi la WhatsApp na uandike nyumba zote zilizo gizani. Hao wako fezi moja. Fezi nyingine ikikatika siku nyingine, andika tena. Sisi tuliipata ramani yetu kwa njia hiyo, na kilichotushangaza ni kwamba nyumba zilizotazamana zilikuwa fezi tofauti, huku nyumba iliyo mwisho kabisa wa mtaa ikiwa fezi moja na duka lililo chini ya transfoma.

Kupima kabla ya kuitisha kikao

Usiitishe kikao ukiwa na malalamiko peke yake. Njoo na namba, kwa sababu kikao kisicho na namba huishia kwa watu kunyoosheana vidole.

Namba ya kwanza ni ukubwa wa transfoma. Umeandikwa kwa kVA kwenye bati dogo lililobandikwa ubavuni mwake, na mara nyingi unaweza kusomeka kwa kuvuta picha kwa kamera ya simu ukiwa umesimama chini, mbali na nguzo. Mtu asipande nguzo, asisimamishe ngazi karibu nayo, wala asiguse waya unaoshuka chini kwenye nguzo hiyo.

Namba ya pili ni matumizi ya nyumba yako saa za jioni, na hii mita yako inaijua. Karibu na skrini ya mita nyingi za Luku kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake kuna maandishi madogo kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake ni kwamba taa hiyo hupepesa mara 1,000 au mara 1,600 kwa kila yuniti moja inayotumika. Chukua saa, hesabu mipepeso kwa dakika moja kamili, zidisha kwa 60, kisha gawanya kwa namba iliyoandikwa kwenye mita. Ukihesabu mipepeso 40 kwenye mita ya 1600, 40 mara 60 ni 2,400, ukigawanya kwa 1,600 unapata 1.5, yaani nyumba yako inavuta kilowati moja na nusu wakati huo. Fanya hivyo kila baada ya nusu saa kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, kwa siku tatu, mojawapo ikiwa Jumapili. Kisha zima kila kitu na uwashe kifaa kimoja kimoja huku ukihesabu. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya kazi hii, na kwa uzoefu wangu watoto huifanya kwa uaminifu kuliko wazazi wao, kwa kuwa hawana cha kuficha kuhusu hita.

Namba ya tatu ni volti. Maduka ya vifaa vya umeme huuza kipima volti kidogo kinachochomekwa kwenye soketi. Kiwango cha kawaida nchini ni volti 230. Ikiwa saa 9 alasiri kinasoma 230 na saa 2 usiku kinasoma 190, basi njia yenu imezidiwa, na nyumba zilizo mwisho wa laini zinaumia zaidi kuliko zilizo karibu na transfoma. Hili ni jambo la haki kwa majirani: anayekaa chini ya transfoma anaweza kupiga pasi kila siku na asione tatizo lolote, huku mwenzake aliye mwisho wa laini akiunguza friji, kwa sababu mota ya friji ikipewa volti pungufu huvuta mkondo mkubwa zaidi na kuchemka. Mpime mwanzo, katikati na mwisho wa laini kwa saa ileile, ili wote wauone ukweli huo kwa macho.

Kinachohamishika na kisichohamishika

Msianze na taa. Ushauri wa kuzima taa na kuchomoa chaja za simu una nafasi yake katika kubana matumizi, lakini hauiokoi transfoma hata kidogo: taa ya LED hula wati 7 hadi 10, na inabidi uzime mia moja ili ulingane na pasi moja. Anzeni na vitu viwili, yaani vinavyozalisha joto na vinavyozungusha mota, kwa kuwa mzigo wote wa jioni uko huko.

Pampu ya maji ndiyo rahisi kuliko vyote kuihamisha, na mara nyingi ndiyo inayosahaulika. Nyumba nyingi zina simtanki lenye boya linalowasha pampu lenyewe maji yakipungua. Fikiria linavyofanya kazi: watu wanarudi kazini, wanaoga, wanapika, wanafua, tangi linashuka, boya linawasha pampu saa 1 au saa 2 usiku bila mtu yeyote kuamua. Isitoshe, mota ya pampu inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida kwa sekunde chache. Pampu kumi zikianza kwa kukaribiana, taa za mtaa mzima hupepesa. Dawa yake ni kufunga taima kwenye njia ya pampu, kazi ambayo fundi umeme mwenye leseni huimaliza kwa muda mfupi, na kuiweka iruhusu pampu kufanya kazi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri. Tangi la lita 1,000 hujazwa na pampu nyingi za nyumbani kwa muda usiozidi saa moja au zaidi kidogo, kwa hiyo muda huo unatosha na kubaki. Pale ambapo maji ya bomba huja kwa mgao, tena usiku, itabidi kundi likubaliane kwamba siku za maji pampu zitawashwa baada ya saa 4 usiku, zamu kwa zamu.

Pasi hufuata. Haiwezekani kuwaambia watu wasipige pasi, lakini inawezekana kabisa kukubaliana kwamba nguo za wiki nzima zipigwe pasi Jumamosi au Jumapili asubuhi, na kwamba asiyeweza atumie zamu yake ya jioni. Kupiga pasi nguo nyingi kwa mkupuo kuna faida nyingine: pasi huchemka mara moja badala ya mara sita kwa wiki, na hapo hata yuniti hupungua.

Hita ya kwenye bomba ni mzigo mzito kuliko vyote kwa dakika ambazo imewaka, ingawa mtu huoga kwa dakika chache tu. Katika joto la Dar es Salaam sioni sababu ya kuwasha hita saa 2 usiku kwa mtu mwenye afya, na ninalisema hili wazi kwa sababu wenye hita ni wachache lakini wanabebesha transfoma mzigo wa wengi. Mwenye hita ya tangi ana urahisi zaidi, kwani anaweza kuchemsha maji saa 9 alasiri, akayakuta bado ya moto jioni.

Kuhusu kupika, jiko la presha la umeme lisichukuliwe kuwa adui. Hula takriban wati 1,000 linapochemka, lakini kwa kuwa limefungwa na kuhifadhi joto, hujizima sehemu kubwa ya muda, na maharage ya familia huiva kwa chini ya yuniti moja. Lina saa yake ndani, hivyo maharage yanaweza kuchemshwa saa 8 mchana na kuungwa jioni. Jiko la koili la kawaida, kinyume chake, huvuta wati 1,000 hadi 2,000 mfululizo kwa muda wote wa kupika. Wakati wa Ramadhani, wanaopika kwa umeme wachemshe mihogo, maharage na tambi za futari kuanzia saa 9 alasiri, na saa moja ya mwisho kabla ya kufuturu ibaki kwa kuunga na kupasha tu.

Friza za dukani zinaweza kupumzika. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi wake kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24, kwa hiyo kuizima kati ya saa 1 na saa 3 usiku hakuharibu samaki wala nyama. Muuza vinywaji ana ugumu wake, kwa sababu mlango wake hufunguliwa kila dakika jioni. Huyo msimlazimishe. Fundi wa kuchomelea na mwenye mashine ya kusaga, ambao kwa kawaida wana fezi tatu, waombwe kumaliza kazi kabla ya saa 12 jioni, jambo ambalo majirani hulitaka hata kwa sababu ya kelele.

Kuna visivyoguswa kamwe: friji inayohifadhi insulini au dawa nyingine ya mgonjwa, mashine ya oksijeni, taa za joto za vifaranga, na taa ya mtoto anayesoma. Nyumba zenye mgonjwa zisilazimishwe kueleza ugonjwa mbele ya kikao. Inatosha mwenyekiti au mjumbe ajue kwamba nyumba fulani haihusiki na zamu.

Kikao na makubaliano

Pitieni serikali ya mtaa, kwa sababu kikao kinachoitishwa na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe huhudhuriwa hata na wale wasiosalimiana. Lakini hakikisheni wanaokuja ni wale wanaotumia vifaa. Nimewahi kukaa katika kikao cha wanaume watupu wenye hati za nyumba wakipitisha saa za kupiga pasi, na kwa wiki mbili hakuna lililobadilika, kwa kuwa waliokuwa wanapiga pasi, yaani kina mama, wapangaji na dada wa kazi, hawakuwahi kuulizwa. Kikao cha pili mama mmoja alisimama akasema, "Mwenyekiti, mimi natoka Kariakoo nafika hapa saa 2 usiku. Sare za wanangu nitazipiga pasi saa ngapi?" Swali hilo ndilo lililotupa mpango wetu wote. Watu wa namna yake, wasio na saa nyingine, walipewa zamu ya saa 2 hadi saa 3, na wanaoshinda nyumbani wakakubali kuondoka kabisa kwenye saa za jioni.

Mpango wenyewe uwe mfupi kiasi cha kukumbukwa bila karatasi. Gawanyeni nyumba za kila fezi katika makundi matatu, la kwanza litumie vifaa vizito kuanzia saa 12 hadi saa 1 na dakika 20, la pili lifuate hadi saa 2 na dakika 40, na la tatu limalizie hadi saa 4. Kifaa kizito kielezwe kwa lugha ya kawaida: pasi, birika, hita, jiko la koili. Badilisheni zamu kila mwezi, isipokuwa kwa wale waliopewa saa maalumu. Kundi la WhatsApp litumike kukumbusha kwa ujumbe mmoja tu jioni, kwani likigeuzwa uwanja wa kushtakiana, watu hulizima na mpango hufa nalo.

Nyumba za kupanga zenye mita moja kwa vyumba vingi zihesabiwe kwa vyumba, maana nyumba ya wapangaji wanane si sawa na nyumba ya familia moja. Kadhalika, mwenye taa tatu na redio asiombwe kujinyima chochote. Msipolizingatia hilo, atakuwa anabeba mzigo wa mwenye kiyoyozi, na ataliona hilo haraka.

Mtaulizwa kuhusu pesa, na jibu lazima liwe la kweli. Kuhamisha matumizi kutoka saa 2 usiku kwenda saa 4 asubuhi hakupunguzi hata senti kwenye Luku, kwa sababu mteja wa nyumbani hapa nchini hutozwa bei ileile saa zote. Uganda, wateja wa biashara na viwanda wana bei kubwa zaidi kati ya saa 12 jioni na saa 6 usiku na bei ndogo kuliko zote kutoka hapo hadi alfajiri, na Uingereza tangu Novemba 2022 umekuwepo mpango wa kuwalipa wenye nyumba wanaopunguza matumizi saa zinazotangazwa. Sisi wa majumbani hatuna motisha hiyo, kwa hiyo msiwaahidi majirani punguzo lisilokuwepo. Faida yao ni friji isiyoungua, mwanga wakati wa kusoma, na jioni zisizokatika. Anayetaka kupunguza gharama apunguze matumizi yenyewe, hasa mteja wa kundi la D1, ambaye nafuu ya bei yake inategemea kutozidi yuniti 75 kwa mwezi.

Umeme unaporudi

Sehemu hii ingestahili kusomwa kwanza, kwani ndiyo inayovunja transfoma nyingi. Umeme ukikatika kwa saa tatu, kila friji mtaani inapoteza ubaridi, kila tangi linashuka, kila chumba chenye kiyoyozi kinapata joto, na pasi nyingi zinaachwa zimechomekwa. Umeme ukirudi, vyote huwaka kwa sekunde ileile. Katika hali ya kawaida friji hupokezana zenyewe, hizi zikiwa zimepumzika na hizi zikizunguka, lakini baada ya kukatika zote huanza pamoja na hukaa muda mrefu bila kupumzika. Mzigo wa dakika hizo unaweza kuwa mara mbili ya ule wa jioni ya kawaida, na ndiyo maana mafundi wanaweza kuweka fyuzi, wakashuka nguzo, na kabla gari halijatoka mtaani fyuzi ikakatika tena.

Kubalianeni hivi. Umeme ukikatika, kila nyumba izime swichi za friji, kiyoyozi, pampu, hita na pasi, na kuacha taa moja imewashwa ili mjue umeme umerudi. Ukirudi, kwa dakika 10 za kwanza ziwake taa, feni na televisheni tu. Dakika ya 10, kundi la kwanza liwashe friji, dakika ya 20 la pili, dakika ya 30 la tatu. Viyoyozi na pampu vingoje dakika ya 45. Kusubiri huku kunailinda pia friji yako mwenyewe, kwa kuwa kompresa iliyozimika ghafla inahitaji dakika kadhaa ili shinikizo la gesi ndani yake lisawazike kabla ya kuanza tena. Utaratibu huu ukifuatwa na nusu tu ya nyumba, tofauti huonekana, na kwa mtaa unaoanza ningeshauri muuanze huu peke yake kabla ya zamu za jioni, maana hauhitaji mtu kubadili maisha yake.

Daftari la mtaa

Mchagueni mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, awe na daftari lenye safu nne: tarehe na saa, volti mwanzo wa laini, volti mwisho wa laini, na kilichotokea. Aandike mara tatu kwa wiki saa 2 usiku, na kila umeme unapokatika aandike fezi iliyokatika na nyumba zilizo gizani. Baada ya miezi miwili mtaona kama volti ya mwisho wa laini imepanda.

Ikiwa zamu zinafuatwa na bado volti haipandi, basi mzigo umezidi kikweli, na hapo ndipo mnapokwenda ofisi ya TANESCO ya eneo lenu mkiwa na barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Msiandike tu kwamba umeme ni mdogo. Andikeni kVA ya transfoma iliyosomwa kwenye bati, idadi ya nyumba na biashara zinazoitegemea, orodha ya nyumba kwa kila fezi kama mlivyoichora, na nakala za kurasa za daftari. Ombeni kwanza wateja wasawazishwe kwenye fezi zote tatu, kwa kuwa kazi hiyo haihitaji transfoma mpya, na mafundi wakiwa na ramani yenu mkononi watajua nyumba zipi za kuhamisha kabla hawajapanda nguzo. Ombi la transfoma kubwa liwe la pili katika barua hiyohiyo, na nakala yake, pamoja na daftari lenyewe, zibaki ofisi ya mtaa, ambako mwenyekiti atakayefuata atazikuta.